Kitabu Kilichokwama Ng'ambo ya Korongo

Kuna hasira moja ambayo sijawahi kuiungama kanisani, maana nikianza kuieleza nitachekwa kabla sijasamehewa. Nilikasirika miezi mitano kwa ajili ya kitabu, na miezi hiyo hiyo rafiki yangu alikuwa anamlilia mtoto.

Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada. Shangazi yangu wa Mogitu alikikuta mnadani kimelala katikati ya mitumba, akaniletea hapa Nambis kwa sababu ukoo mzima unajua kwamba mimi nasoma chochote, hata karatasi ya maelekezo ya dawa ya ng'ombe. Shule niliishia kidato cha pili. Kusoma sikuishia.

Kilikuwa hadithi ya zamani sana, ya nchi ya wafalme na farasi na vita, mtu akaigeuza Kiswahili. Ndani yake kuna binti wa fundi cherehani. Mchana anashona makoti ya maofisa wa adui, anawamiminia chai wakiongea, na ndani ya mapindo anaficha vikaratasi vya siri. Maofisa wanavaa makoti yao, wanasafiri nayo, na kule wanakokwenda kuna mtu wa kufumua na kusoma. Yaani adui ndiye anayembebea barua. Halafu kuna kapteni mmoja ambaye koti lake linachanika kila wiki, pale pale pindoni.

Binti anamuuliza, "Kapteni, koti lako lina meno? Kila wiki linajitafuna."

Kapteni anajibu, "Halijitafuni, bibie. Linatafuta sababu."

Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikazunguka zizi mara mbili. Sijui nilieleze vipi jambo hili kwa mtu ambaye hajalelewa kama mimi. Kwetu msichana ndiye anayemimina chai wazee wakikaa. Unasikia shamba la nani linagawanywa, unasikia ng'ombe wa mahari yako mwenyewe wakitajwa kwa rangi zao, na kazi yako ni kuuliza kama sukari imetosha. Sasa nakutana na msichana anayemimina chai kama mimi, anasikia kama mimi, lakini vile anavyosikia vinahamisha majeshi. Na ulimi wake mkali, na hakuna anayemwambia anyamaze, kwa sababu wanadhani anatania tu. Ndiyo raha ya vitabu vya namna ile. Mapenzi yapo, lakini mapenzi yenyewe ni mashindano ya maneno, na anayeshindwa ananyongwa.

Raha kama ile huwezi kuila peke yako. Rafiki yangu tuliyesoma naye alikuwa ameolewa ng'ambo ya korongo, mbele ya kwetu kabisa. Nikisimama shambani namwona akianua nguo. Tukapatana: kitabu wiki moja kwangu, wiki moja kwake, tunakabidhiana Jumapili baada ya misa. Yeye alikuwa na mimba kubwa, akawa anasoma amelaza kitabu juu ya tumbo kama juu ya meza. Alisema mtoto anapiga teke kapteni akiongea.

Jumapili ile zamu yangu iliisha mahali pabaya. Jenerali amemwamuru kapteni amtafute mtu anayepitisha siri. Kapteni anarudi chumbani, anavua koti, anachukua kisu, anaanza kulifumua pindo. Sura imekwisha. Nikafika kanisani na kitabu kwapani kama mtu anayempeleka mbuzi wake kwa jirani.

"Usisome mbele kwa haraka," nilimwambia.

"Nitasoma mpaka macho yatoke," akasema. "Ndiyo haki ya mwenye zamu."

Mtoto alizaliwa Alhamisi. Ijumaa akafa.

Hapo ndipo nyumba yao ilipoingia metimani. Kwetu Wairaqw, kwa vifo vya namna fulani, nyumba inajitenga na majirani kwa miezi. Hamwingii kwao, hawaingii kwenu. Chombo chao hakija kwenu, moto wenu hauendi kwao, na kitu chochote kilichokuwa ndani siku ile kinabaki ndani mpaka siku itakaposafishwa. Siku hizi wengi wameacha, wanasema ni mambo ya kale. Lakini mama mkwe wa rafiki yangu hakuwa ameacha. Katekista alikwenda akasali amesimama uani, akarudi.

Mimi nilitaka kwenda. Mama akanizuia mlangoni.

"Wifi yako ana mimba ya kwanza," alisema. "Ukivuka korongo, usirudi kulala hapa."

"Mama, sisi si watu wa kanisa?"

"Ni watu wa kanisa. Na wifi yako ana mimba. Nenda kapalilie vitunguu swaumu."

Nikaenda kupalilia nikilia. Na nasema ukweli, maana sina haja ya kujipamba: nililia kwanza kwa ajili ya rafiki yangu, nikalia sana, na nilipofika mwisho wa tuta nikakumbuka kitabu. Nikajichukia. Nikaanza tuta la pili, nikakikumbuka tena.

Simu yake ilikuwa imepasuka kioo tangu masika. Iliyobaki ni ile ndogo ya mama mkwe. Nilijikaza wiki mbili, halafu nikapiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani?"

Nikajitaja. Nikasema naomba kumsalimu mwenzangu.

"Amelala. Mwenye msiba analala anapopata usingizi."

"Pole sana, mama. Mwambie namwombea." Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwema mpaka leo. Lakini mdomo wangu ukaendelea wenyewe. "Na kile kitabu, mama, kipo salama?"

Nilisikia jogoo wao kwenye simu, halafu nikamsikia jogoo yule yule kwa masikio yangu kutoka ng'ambo.

"Kitabu," akasema. "Mtoto amekufa, wewe unaulizia kitabu." Akakata.

Sikumpigia tena. Niliinamisha uso kanisani kama mwizi. Usiku sikuota mizimu, niliota pindo. Nilijaribu kumalizia hadithi mwenyewe nikipalilia: kapteni anakiona kikaratasi, anakichoma. Hapana, anakiona, anakirudisha, anashona upya kwa mishono mibaya ya mwanamume ili binti ajue kwamba amejua. Huo niliupenda. Lakini kujitungia mwisho ni kama kujikuna mgongo kwa fimbo. Unafika karibu na pale, hufiki pale.

Halafu siku moja, mahindi yakiwa yamefika magotini, nikasikia sauti kutoka ng'ambo.

"Wewe, mwenye kitabu."

Mama mkwe alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba lao, mikono kiunoni. Nikaangusha jembe. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyu kapteni ana mke kwao?"

Nilidhani sikusikia sawasawa. Akarudia. Kumbe siku ile alipokata simu alikwenda kumuuliza mkwewe ni kitabu gani hicho kinachoulizwa msibani, na mkwewe, aliyekuwa hajasema neno siku kumi, akaanza kumweleza. Kisha akaanza kumsomea, akigeuza kwa Kiiraqw mstari kwa mstari. Na mama mkwe akanasa.

"Sijui, mama," nikapaza sauti. "Mimi nimeishia pale anapofumua pindo. Tafadhali usiniambie."

"Pale? Pale sisi tulipita zamani."

"Mama, nakuomba."

"Alichokikuta humo ndani—"

Nikaziba masikio kwa mikono yenye udongo. Nilipofungua macho alikuwa anacheka, mabega yanatikisika, na nyuma yake mlangoni alisimama rafiki yangu, amekonda, amejifunga kanga mpaka shingoni. Akanyanyua mkono kidogo. Mimi nikanyanyua wote miwili. Ndiyo mara ya kwanza kuonana naye tangu msiba.

Basi nikaona nimepata njia. Nikamwambia mama mkwe kwamba mbona kitabu hakihitaji kuvuka. Si kisomwe pale pale kwao, kwa sauti, mimi nisikilize huku nikilima? Yeye ndiye aliyekuwa sheria ya nyumba ile, hakuwa na wa kumuuliza. Akasema, "Sauti si chombo. Sauti ipite."

Rafiki yangu alisoma jioni tatu, amekaa kwenye kigoda ukingoni, akianzia pindoni kwa ajili yangu. Mateso yale msiyaombe. Nambis ina upepo, na upepo wetu hauna adabu ya kusubiri mtu afike nukta. Nilikuwa napata nusu. "Kapteni akasema: bibie, mimi nimekamata majasusi saba, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa na…" upepo. Alikuwa na nini? "Rudia," napiga kelele. Anarudia, ng'ombe analia. Anarudia tena, mama mkwe anadakia kwa Kiiraqw kwamba kapteni huyu anaongea sana kwa mtu aliyetumwa kazi. Utani wa kitabu kile ulikuwa kama chai, lazima uinywe ikiwa moto. Mimi nilikuwa naletewa na mtu anayetembea polepole, huku anamwaga.

Hata hivyo nilipata. Nilijua kwamba alikikuta kikaratasi na akakirudisha. Mishono mibaya sikuipata, mwandishi hakuifikiria. Nilimsikia rafiki yangu akiigiza sauti nene ya jenerali, na nikafikiri, haya, anarudi.

Jioni ya tatu zilibaki sura mbili, ambazo hata wao walikuwa hawajazisoma. Makoti yote yanakaguliwa sasa, maofisa wamezinduka. Binti anawaza apitishe vipi siri ya mwisho. Anachukua kitambaa cheupe, anakata kijishati cha mtoto mchanga, kwa sababu hakuna askari atakayekagua nguo ya mtoto. Anaanza kushona pindo lake, dogo kama kucha.

Sauti ikakatika. Nikadhani ni upepo. Nikapaza, "Rudia."

Hakurudia. Alikuwa amekiinamia kitabu. Mimi, mpumbavu, nikapaza tena, "Sijasikia, rudia hapo kwenye kijishati." Ndipo maneno yangu yakanifikia mwenyewe. Alifunga kitabu, akaingia ndani. Mama mkwe akachukua kigoda, akanitazama kidogo, akamfuata. Nilibaki na jembe. Nilimkasirikia mwandishi kwa kutafuta kijishati wakati duniani kuna soksi na kofia. Nililikasirikia korongo. Unaweza kulitupia jiwe likafika ng'ambo, lakini huwezi kumshika mtu bega.

Baada ya hapo hakuna aliyesoma. Wifi yangu akajifungua salama, tukawa na kelele za furaha upande wetu, nami nikawa nafunga mlango nikimbeba yule mtoto ili kilio chake kisisikike ng'ambo. Nilijua hausaidii. Kilio cha mtoto nacho ni sauti, kinapita.

Metimani iliisha tukiwa tumeng'oa vitunguu swaumu. Walisafisha nyumba, wakatengeneza pombe ya kienyeji, wakanyoa nywele. Asubuhi ya siku iliyofuata rafiki yangu alivuka korongo, kitabu amekifunga ndani ya kanga. Alimsalimu mama yangu. Alimwangalia mtoto wa wifi muda mfupi, akamgusa mguu, akasema ana kisigino cha mkulima. Kisha akaja kukaa nami penye vitunguu, tukavifunga mafungu kwa majani yake yenyewe.

"Sijasoma," alisema. "Mama mkwe alikificha kwenye mahindi. Alisema kitabu ni cha mwenzio, mwisho ni wa mwenzio."

Tukasoma, kurasa kwa zamu, vidole vyetu vinanuka. Kijishati nilikisoma mimi, haraka, bila kuigiza. Kilifika salama. Vita ikaisha kwa aya moja. Halafu kapteni akaja na farasi, akamwambia maneno matamu yasiyo na mzaha hata kidogo, binti akalia, akaweka sindano ndani ya kisanduku, akakifunga, "na tangu siku hiyo hakushona tena." Mwisho.

Niligeuza ukurasa. Hakuna kitu. Nikarudi, nikasoma tena.

"Miezi mitano," nikasema. "Miezi mitano nimelima huku nimemtegea sikio, kumbe anakwenda kuacha sindano? Nani kamwambia aache? Na ulimi wake uko wapi? Ameuweka kwenye kisanduku nao?"

"Ameolewa," rafiki yangu akasema.

"Wewe umeolewa, ulimi wako umekwenda wapi?"

Hapo akacheka. Alianza kwa pua, kisha akaangukia mafungu ya vitunguu, akacheka mpaka mama akachungulia mlangoni. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira ya kweli, na bado ninayo. Nikimwona yule mwandishi nitamfumua pindo.

Jioni nilimsindikiza. Mama mkwe alikuwa jikoni anakoroga ugali, akatusikia uani.

"Imekuwaje?" akauliza kabla sijamaliza shikamoo. "Kapteni alimtaja binti kwa jenerali?"

"Hakumtaja, mama," rafiki yangu akajibu. "Alimwoa."

"Vizuri. Na kazi yake?"

Nilifungua mdomo. Rafiki yangu akanikanyaga mguu taratibu, uso wake mkavu kabisa, kama wa yule binti mbele ya jenerali.

"Anaendelea kushona, mama," akasema. "Koti la mumewe bado linachanika kila wiki. Pale pale."

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akageuza ugali. Mimi nilikuwa bado nimesimama nje ya kizingiti, miguu imezoea kutovuka. Akaniona.

"Na wewe, mwenye kitabu," akasema, "umesimama hapo kama askari wa zamu. Ingia."

Nikaingia.