Siku Mwezi Ulipougonga Mlima Meru

Zamani mwezi uliugonga Mlima Meru. Enzi zetu pale Sekei, mjini Arusha, hilo halikuwa jambo la kubishania. Mwezi ulikuwa unapita chini chini, karibu na mabati ya nyumba za watu, mpaka siku moja ya ukungu ukajibamiza kwenye mlima na kung'oa ubavu mzima. Yale mabaka meusi unayoyaona usoni kwake mpaka leo ni makovu ya kishindo kile. Nilikuwa tayari kupigana kwa ajili ya habari hiyo, na nilipigana, tena na mtoto aliyenizidi kimo mara tatu.

Na ushahidi nilikuwa nao. Ukiutazama Meru kutoka Sekei, ni mlima mzima, umechongoka vizuri. Lakini tulipopelekwa likizo kwa bibi mzaa baba kule Ngarenanyuki, upande wa pili, niliukuta umeliwa. Ubavu haupo, na ndani kuna shimo ambalo ungetumbukiza Arusha yote, soko na stendi, na nafasi ikabaki ya kulima nyanya. Mara ya kwanza niliangua kilio. Nilidhani umevunjika wakati tuko njiani. Bibi ndiye aliyenituliza. Alinipa bakuli la loshoro, yale mahindi yenye maziwa mgando, akasema, "Nyamaza, baba. Ni mwezi tu uliupiga kumbo."

"Mwezi wenyewe ulipona?"

"Si unauona? Umebaki na makovu."

Basi, televisheni ilipoingia mtaani kwetu, nyumbani kwa Mama Pritam, mke wa Singasinga mwenye duka la vipuri, mimi nilijua nakwenda kutafuta nini. Kila Jumapili jioni kulikuwa na kipindi cha ulimwengu: nyota, sayari, mashimo meusi yanayomeza hata mwanga. Mama Pritam alikuwa na sheria moja tu, miguu ioshwe bombani kabla ya kukanyaga zulia. Tulipanga foleni hadi barabarani, na maji tuliyoacha pale bombani yangetosha kustawisha migomba ya Meru nzima. Ndani tulikaa sakafuni tumebanana, mikono ikinuka sabuni na chevda, vile vitafunio vya pilipili alivyotugawia, mbele ya televisheni iliyokuwa kubwa kuliko kabati la nguo.

Kiingereza chetu kiliishia kwenye kumsalimia mwalimu. Mkalimani alikuwa Pritam mwenyewe, na ukalimani wake ulikuwa wa kubana matumizi. Mzungu wa kipindi ataongea, atapunga mikono, atatembea jangwani, atakaribia kulia. Tunamgeukia Pritam.

"Anasema ni mbali."

"Maneno yote yale?"

"Mbali sana."

"Muulize kuhusu Meru!" nilipiga kelele.

"We, hii ni TV, siyo simu. Kaa chini!"

Likizo ikifika, napeleka ripoti Ngarenanyuki. Bibi alikuwa ananingoja kwenye kigoda chake, akichambua nyanya za kutia kwenye matenga. Nikishamwamkia tu, haulizi habari za shule wala za baba. "Marahaba. Haya, yule mzungu amesemaje kuhusu mwezi wetu?" Nami nasimama katikati ya ua, nazunguka kama sayari, naanguka kama kimondo, kuku wanatawanyika. Nilipomwambia kuna sayari imevaa pete, aliuliza, "Imeolewa na nani?" Akacheka mpaka nyanya zikamdondoka. Mwishoni husema yaleyale: "Kwa hiyo mlima wetu bado hajaufikia. Nenda kaangalie tena, likizo uje uniambie."

Halafu Jumapili moja tukaosha miguu, tukakaa, tukakuta mpira. Kipindi kimekwisha. Mzungu alikuwa amezunguka ulimwengu wote na Ngarenanyuki hakufika! Likizo iliyofuata nilikataa kwenda. Ningekwendaje bila jibu? Nikamwambia baba nitakwenda nikilipata. Shule ya msingi ikaisha, nikaingia gereji mtaa wa Sokon, nikaoa, watoto wakaja, na Ngarenanyuki ikazidi kusogea, ingawa ukiondoka Sekei baada ya chai unafika kabla ugali haujaiva. Wanaoleta nyanya sokoni walikuwa wananipa salamu: "Bibi yako anauliza, mzungu amesemaje?" Najibu, "Mwambie bado." Tunacheka wote, wanapakia matenga yao matupu, wanaondoka.

Ukubwani nilisoma masomo ya jioni, na cheti changu nimekitundika juu kuliko picha ya harusi. Somo la volkano lilinipita, siku hiyo gereji ilinikamata. Lakini Kiingereza kiliingia, na mwaka jana mwanangu akakipata kile kipindi kwenye simu yake, chote, mwanzo hadi mwisho. Nilikaa naye kama niko kwenye zulia la Mama Pritam. Dakika ya pili tu kijana akapiga miayo. "Dingi, hii inaboa. Ruka mbele." Sisi umeme ukikatika Jumapili tunaomboleza wiki nzima, wao wana ulimwengu kiganjani, wanaurusha kwa kidole gumba, na hakuna anayewaambia waoshe miguu. Nilimfukuza, nikatazama peke yangu. Zamani nilipewa neno moja, mbali. Sasa naelewa yote, na ndiyo nimebaki bila wa kumsimulia. Bibi tulikuwa tumemzika masika yaliyotangulia.

Hata hivyo nilikwenda. Nilijaza simu chaji, nikafika Ngarenanyuki kwa Shangazi Ndeshi, aliyebaki kwenye nyumba ya bibi. Tulikaa uani, mlima uliobomoka mbele yetu, yeye kwenye kile kigoda akichambua nyanya. Nikamwonyesha sehemu ya mwezi hadi mwisho, nikimtafsiria neno kwa neno, tena kwa kirefu, siyo kama Pritam.

"Umeona, shangazi? Nimetazama vipindi vyote. Hakuna mahali anaposema mwezi uliugonga mlima. Bibi ameondoka bila jibu lake."

Alitupa nyanya moja iliyooza, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Jibu gani tena, baba? Ule ni mlima wa moto, uliporomoka wenyewe. Mama yangu alilijua hilo tangu ni msichana. Alikuwa anataka uje tu."