Ndovu wa Mkonga Chini

Mimi ni mtu wa wasiwasi na sioni haya kusema. Hata nikienda Machakos na kurudi jioni, lazima nirudi mlangoni kushika kufuli, kisha nirudi tena kuhakikisha niliishika vizuri. Kwa hivyo wanawake wa chama chetu pale Umoja, Nairobi, walipoamua twende Lamu kupunga upepo, kila mtu kwenye ploti alijua nitatoa udhuru. Nilikubali upesi mno mpaka wakaniuliza kama ninaumwa. Sikuwaambia kwamba nilikuwa na langu. Ndugu yangu aliyenifuata ziwa alikuwa ametoweka kwa miaka, na mtu wa mwisho kudai amemwona alikuwa dereva wa lori aliyesema alimkuta Lamu, ameketi kibarazani, anachonga.

Baba yetu ni mchongaji. Anakaa mtaa wa Mbotela, na nyuma ya nyumba ana kibanda cha mabati ambamo sisi wawili tulikua tukipiga chafya kwa vumbi la mti. Mimi sikushika tezo. Ndugu yangu alilishika tangu mikono yake haijalifikia vizuri, na baba akamfundisha kila kitu alichokuwa nacho, tukasema basi, kazi ya nyumba hii imepata mwenyewe. Shida ikaja kuwa mkonga. Ndovu wa baba huinua mkonga juu, kama ndovu wa wachongaji wote ninaowajua, kwa sababu watalii wamesikia kwamba ndovu wa namna hiyo huleta bahati, na dalali hachukui mwingine. Ndugu yangu akawa anachonga wa kwake wameinamisha mkonga, wananusa ardhi, na ukingo wa sikio moja umemeguka kidogo, kama uliopita kwenye miiba. Alisema ndovu si askari, hapigi saluti. Baba naye akasema, "Huyu ametoka mazishini. Nani atanunua matanga ayaweke sebuleni?"

Siku moja dalali akarudisha katoni nzima ya ndovu wale. Baba hakugomba. Aliwatoa kwenye katoni, akawasha nao moto, na juu ya moto ule muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, ukapikwa ukaiva. Mama alikuwa keshafariki, kwa hiyo mimi ndiye niliyepakua. Ndugu yangu alikula akamaliza sahani yake, akanawa, akalala. Asubuhi hakuwepo, na tezo lake halikuwepo.

Tangu hapo baba hakulitaja jina lake. Ukilitaja wewe, yeye anaanza kutafuta msasa uliopo mbele yake, na ndivyo alivyofanya hata nilipompa habari za yule dereva wa lori. Nami nilikuwa nikimsikia kifua kinavyokoroma, kifua cha mtu aliyevuta vumbi maisha yake yote, na hofu yangu ilikuwa moja tu: kwamba atatangulia kabla hawajasemezana, na mimi ndiye nitakayesimama kaburini nikijibu maswali ya watu, mwana wa kiume yuko wapi. Nilijiapiza kwamba nikimpata Lamu nitamrudisha, hata kama ni kwa kumshika ukosi.

Jumapili kabla ya safari nilipita Mbotela kumuaga. Jumapili tezo halishikwi kwa baba, kwa hiyo kibanda kilikuwa kimefungwa naye alikuwa ameketi na suti yake ya kanisani. Huniita mwaitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

"Utapita kwa maduka ya vinyago, mwaitu?"

"Nitapita, baba. Watu wameniagiza zawadi."

Akaitikia kwa kichwa, akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Na kweli nilikuwa nimeagizwa. Ukitaja safari ya pwani kwetu, kila mtu anakuwa shemeji yako. Halua, mkeka, kikoi, na rafiki yangu wa mtaa wa Kaloleni, hapa hapa Nairobi, ambaye wazee wake ni watu wa pwani, alinipa uzi wenye kipimo cha kichwa cha mumewe nimletee kofia ya kushonwa kwa mkono. "Usiniletee ya mashine," alisema, "atajua kabla hajaivaa." Siku zote tulizokaa Lamu nilitembea na uzi ule kwenye pochi, huku macho yangu yakitazama vibaraza. Nilimwangalia kila mwanamume mwenye mgongo mwembamba aliyeinamia kipande cha mti. Niliwakuta mafundi wa milango, mafundi wa vitanda, na kijana mmoja aliyeniuliza kwa upole kama nimepotea. Nikasema la. Usiku nilijigeuza kitandani mpaka wenzangu wakalalamika.

Siku ya kuondoka nilikuwa nimenunua vyote isipokuwa nilichokijia. Boti ya kutuvusha kwenda kwenye basi ilikuwa tayari inasubiri, na jirani yangu wa Umoja, mwanamke mwenye duka la nguo asiyeamini katika kuchelewa, alikuwa amejitwika kazi ya kunisukuma. Tulikuwa tunapita kichochoro chembamba nilipomwona kwenye rafu ya mbele ya duka dogo. Alikuwa ndovu, urefu wa kiganja, mkonga chini.

Nilimchukua nikamgeuza. Ukingo wa sikio la kushoto ulikuwa umemeguka. Nyuma yake walikuwapo wengine, wote wameinama, wote na sikio lile.

"Nani anachonga hawa?" nilimuuliza mwanamke aliyeshika duka.

"Mimi nasaidia tu, dada. Mwenyewe amekwenda kuswali, atarudi sasa hivi."

Jirani yangu akanivuta mkono. "Wee, boti itatuacha hapa. Si uchukue tu moja uende? Ndovu ni ndovu."

"Tangulia. Nakuja."

"Unakuja na nini, na miguu juu ya maji?"

Lakini hakutangulia. Alisimama mlangoni akichungulia upande wa bandari na kunipa habari ambazo sikuzitaka: wenzetu wanapita na mizigo, yule mwenye mkeka ameshapita, sasa kiongozi wetu wa chama anapita na uso wake ni mbaya. Mimi nilikuwa nimemkumbatia ndovu kama mtoto aliyelala. Nikapitisha kidole tumboni, na tumbo lilikuwa laini. Hapo nilisita, kwa sababu ndugu yangu hakupata kupiga msasa tumbo la ndovu hata siku moja. Alikuwa akisema nani atamlaza chali, na baba alikuwa akimfokea kwa hilo. Sikio nalo lilimegwa zaidi kidogo kuliko nilivyokumbuka. Nikajiambia watu hukua, mikono hubadilika, mtu akila kwa jasho lake hujifunza kumaliza kazi. Nilitaka iwe hivyo, ikawa hivyo. Nilianza hata kupanga maneno ya kumwambia, na yote yalianza kwa matusi ya dada.

Mwenye duka alikuja taratibu, kofia kichwani, kandambili zikiburura. Nilimwamkia na papo hapo nikamuuliza, bila hata kungoja avute pumzi. Alimtazama ndovu mkononi mwangu, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hawa si wa hapa, mama. Hawa watoka Nairobi, huletwa na basi. Mtaa waitwa Mbotela. Waujua?"

Nikasema naujua.

"Ni mzee mmoja. Alikuja mwenyewe mara ya kwanza, akazunguka mji huu wote na mfuko wake, duka kwa duka. Nilimwambia ukweli, mzee, hawa hawatatoka, wageni wataka mkonga juu. Akasema hajali watoke wasitoke, ila niwaweke mbele, mpita njia awaone. Kila mtu akiuliza ni nani anayechonga, nimpigie simu papo hapo. Hilo ndilo sharti lake." Alikuwa ameshatoa simu mfukoni. "Wageni husema ni wazuri wakapita. Wewe ndiwe wa kwanza kuuliza."

Nilikumbuka baba alivyoniaga siku moja akisema anakwenda Kitui kwenye maziko, akarudi amechoka, miguu imevimba, na hakuweza kuniambia ni nani aliyezikwa. Nilitaka kumwambia mwenye duka asipige. Nilichelewa, kama kawaida yangu pale panapohitaji haraka.

"Mzee," alisema kwenye simu, "amekuja mtu aulizia ndovu."

Sikuhitaji kusogea ili nisikie. Baba huongea na simu kama anamwita mtu ng'ambo ya mto. "Usimwachilie aende. Mpatie simu. Tafadhali, mpatie yeye simu."

Nikapewa. Niliiweka sikioni. Kifua chake kilikuwa kinakoroma kule Mbotela, na nyuma yake nilisikia mtu anapita akiuza mayai.

"Mwanangu," baba alisema. Alikohoa, akangoja, akaanza tena kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kumsikia akimsemesha nayo mtu yeyote. "Mkonga nimeuweza. Hata wewe utaona. Lakini hilo sikio linanishinda, kila nikikata naharibu. Njoo unionyeshe tu vile ulikuwa unafanya."

Jirani yangu alikuwa ameacha kuchungulia bandari. Ningempa chochote nilicho nacho mtu ambaye angesema maneno yafuatayo badala yangu.

"Baba, ni mimi."

Nilimsikia akivuta kiti, akaketi.

"Ni wewe, mwaitu."

"Ni mimi. Nilidhani ni yeye anayechonga. Nimemtafuta mji mzima, baba. Sijampata."

"Sawa." Akakohoa. Nilimsikia akijaribu kuirudisha sauti yake ya kila siku, ile kubwa. "Huyo ndovu umeshika, umemnunua?"

"Bado."

"Usimnunue. Mrudishe pale mbele, aonekane."

Nilimrudisha rafuni. Nikamgeuza kidogo ili sikio lile lielekee njiani, tukakimbia.