Fakture Moja kwenye Lango la Buluu

Nilipenda ukurasa safi kuliko nilivyopenda watu. Sikulijua hilo mpaka mwaka ule wa vita, mji wa Bunia ulipokuwa ukibadilisha watawala kila mara, na asubuhi ulilazimika kwanza kuuliza ni nani analinda barieri, kile kizuizi cha barabarani, kabla ya kwenda sokoni.

Nilikuwa naishi kwa mdogo wa mama yangu, mama mudogo, aliyenilea. Alikuwa na ajansi ya huduma. Jina lilikuwa kubwa kuliko kitu chenyewe: meza moja barazani, mashine ya kuandikia iliyokwama herufi kukiwa na unyevu, na watu watano waliohudumia nyumba moja ya shirika la wageni, nyumba yenye lango la buluu kwenye barabara kubwa. Mama mudogo mwenyewe aliwapikia. Mama mwingine aliwafulia. Mzee mmoja aliangalia grupu, jenereta lao la umeme. Dereva aliwakodishia gari lake. Na mama wa maji aliwaletea maji, bidoni, dumu la plastiki, mgongoni na kamba ikipita kwenye paji la uso, kabla mtu yeyote katika nyumba ile hajaamka. Alikuwa amekimbia kutoka upande wa Bule na watoto wake wawili, na walilala katika darasa la shule ya msingi pamoja na familia nyingine nyingi.

Kila mwisho wa mwezi, kila mmoja wao alidai malipo yake kwa karatasi yake, fakture kama tunavyoiita. Miye ndiye niliyeziandika. Wasioweza kusaini waliweka kidole kwenye wino, kisha kwenye karatasi.

Shule yangu ilikuwa imefungwa. Uhasibu nilijifunza peke yangu, katika kitabu cha Kifaransa ambacho kurasa zake za kwanza zililiwa na mchwa, kwa hiyo nilianzia katikati. Mpaka leo nikikosea hesabu nadhani jibu lilikuwa katika zile kurasa. Hofu hiyo ilinifanya niwe mkali na karatasi. Namba ikisogea kidogo nje ya mstari, nilichomoa karatasi yote na kuanza upya, na mama mudogo alilalamika kwamba mutoto huyu anakula karatasi za kaboni kama bugali. Usiku nililala nikirudia jumla kichwani. Milio ya risasi iliniogopesha, ndiyo, lakini nasema ukweli: kuna usiku niliamka na moyo ukidunda kwa sababu ya koma.

Ndipo kontable, mhasibu wa lile shirika, aliponiita. Alikuwa mtu wa Kisangani, mpole, mwenye macho yaliyochoka.

"Miye niko na mukono moja tu," alisema. "Weye kila mwezi unaniletea fakture tano, sinyatire tano, muhuri tano. Ajansi ni moja, fakture iwe moja. Ndege ya wakubwa inaondoka kesho na makaratasi. Ile itakosa ndege, haitalipwa mwezi huu. Na kama inakuja tano tena, tutatafuta ajansi ingine."

Mama mudogo alishika kichwa. Miye nilifurahi. Kwa miezi mingi nilikuwa nimetamani hasa kitu hicho: ukurasa mmoja, jumla moja, sahihi moja. Niliketi barazani nikaunda fakture yangu kabla ya saa sita. Niliweka mistari mitatu tu. Gari. Umeme. Na mstari wa tatu, uliobeba chakula, kufua na maji pamoja, niliuita Matunzo ya Nyumba. Juu nikaandika jina la ajansi, chini jumla, na chini ya jumla nikaacha nafasi nyeupe yenye upana wa vidole vinne, kwa uzuri tu. Niliinua karatasi kwenye mwanga. Haikuwa na doa.

Mchana watu wote walikuja kuiona. Dereva alisoma kwanza.

"Hapa sawa. Gari iko juu."

"Juu kwa sababu inakunywa makuta mingi," mama wa kufua alimjibu. "Si kwa sababu ya akili."

"Mama, gari haiwezi kuandikwa chini ya sabuni!"

"Basi kesho fua weye ile mashati, siye tuone."

Tulicheka, hata mzee wa grupu ambaye hakucheka ovyo. Mama wa maji hakucheka. Hakujua kusoma, lakini karatasi yake ya kila mwezi aliijua vizuri, kwa kidole chake. Alikuwa ameinamia ukurasa wangu akiutafuta, kona hadi kona.

"Na miye, iko wapi hapa?"

Nilimwonyesha mstari wa tatu. Nilimweleza kwamba maji yake yamo humo, pamoja na chakula na nguo, na kwamba malipo yake hayatapungua hata kidogo. Nilieleza kwa subira ya mtu anayejiona mwerevu.

"Kidole yangu haiko."

"Haihitajiki tena, mama. Mama mudogo atasaini kwa wote."

"Mutoto wangu," alisema taratibu, "siongei makuta. Naongea mulango."

Makuta, yaani pesa, niliyaelewa; mlango sikuuelewa. Mama mudogo ndiye aliyeelewa, na niliona uso wake ukibadilika. Baada ya mapigano ya kwanza, mkubwa wa lile shirika alikuwa ameamua kwamba risasi zikianza, wanaowafanyia kazi waingie ndani na watoto wao. Mlinzi wa lango hakuwajua wote kwa sura. Kontable alikuwa amempa nakala za fakture. Mwenye fakture alifunguliwa. Miye nilikuwa nimeingia katika mapigano yaliyofuata nikiwa nimeshika sketi ya mama mudogo, na sikuwahi kujiuliza tulifunguliwa kwa nini.

Nilikimbia hadi lango la buluu kumwuliza mlinzi, nikitumaini kwamba atanicheka.

"Miye nafungulia ile iko kwa karatasi," alisema. "Tano zilikuja, nafungulia tano. Kama ni moja inakuja, basi ni mama yako mudogo peke yake. Na weye, kwa sababu unasumbua."

"Lakini mama wa maji unamjua! Kila asubuhi unamfungulia."

"Asubuhi kukiwa kimya, najua kila mutu. Risasi zikianza, hapa mbele kunakuwa mia ya mama na bidoni. Nitasema nini kwa wengine? Nipatie karatasi, dada. Karatasi inanisaidia kukatala."

Neno hilo la mwisho sikulisikia sawasawa siku hiyo. Nililisikia baadaye.

Kontable alinisikiliza akiendelea kugonga muhuri. Nilimwomba orodha ya majina itengenezwe kando. Alitikisa kichwa. Orodha ya majina ingelazimu mkubwa aijadili na wakubwa wake, na wao wangeuliza kwa nini watu wengi hivyo, na wangefuta hata wale wachache. Tena majina, alisema akishusha sauti, majina katika mji huu yanasema mtu ni wa upande gani. Karatasi ya majina ikipita barieri ni hatari kuliko kukosa karatasi. "Fakture inadai kazi tu. Haitaji watu. Iache hivyo."

Nilirudi nyumbani nikijua kwamba hoja yake ilikuwa ya kweli. Nikafungua kitabu changu kisicho na mwanzo. Humo kulikuwa na mfano wa fakture yenye safu nyembamba pembeni, ya mtu aliyefanya kazi kuthibitisha mstari wake. Safu hiyo nilikuwa nimeipita kila mara kwa sababu ilichafua mpangilio. Jumla ilibaki moja, sahihi ya ajansi ilibaki moja, lakini kila huduma ilisimama kwenye mstari wake, na mwenye kazi aliweka alama yake pembeni. Alama, si jina.

Ilibaki kaboni moja. Kwa hiyo hakungekuwa na kuanza upya, na kwangu hilo lilikuwa jambo zito kuliko ninavyoweza kueleza bila aibu. Niliandika mistari mitano. Herufi ilikwama katika neno la mafuta na kuacha doa. Kisha vidole vikaja, kwenye karatasi halisi na kwenye nakala. Cha mzee wa grupu kilikuwa na oili. Hata dereva, anayejua kusaini, alitaka kidole kama wenzake. Cha mama wa maji kilikuwa kimelowa, wino ukatambaa ukaingia kwenye namba yake, mpaka ikabidi kuitazama mara mbili. Aliuliza kama ameharibu. Nilisema hapana. Nilikuwa karibu kulia, na si kwa huruma. Ilikuwa kwa ajili ya ukurasa.

Kesho yake kontable aliutazama muda mrefu.

"Jumla moja?"

"Moja, papa."

"Sinyatire moja?"

"Moja."

"Na hii vidole vyote?"

"Ni uthibitisho wa kazi. Iko katika kitabu."

Aliniangalia juu ya miwani, akagonga muhuri, na nakala akaituma langoni.

Mapigano yalirudi mwezi huohuo, asubuhi, watu wakiwa bado wanawasha moto. Miye na mama mudogo tulifika langoni kati ya wa kwanza. Mzee, mama wa kufua na dereva waliingia baada yetu. Nilisimama nyuma ya mlinzi na kumtazama mama wa maji akija anakimbia, bila bidoni kwa mara ya kwanza, kipaji cha uso kikionyesha njia ya kamba. Alikuwa na watoto watatu.

"Wote ni wako?" mlinzi aliuliza.

"Wote."

Mlinzi aliangalia karatasi, na karatasi haikuwa na neno kuhusu watoto. Alitoa kisahani cha wino, akachukua kidole cha mama wa maji, akakigandamiza kando ya alama yake ya zamani. Sidhani kama aliona tofauti yoyote kati ya kidole na kidole. Alifungua. Waliingia, na lango likafungwa.

Halafu wengine wakafika. Lango lile lilikuwa la bati nene, na mikono ikigonga ililia ndani yangu kuliko risasi za mbali. Mlinzi aliinua karatasi yangu kwenye kidirisha, akasema kwamba hawamo. Alisema kwa adabu. Alisema tena na tena. Sasa nililisikia neno lake: karatasi inanisaidia kukatala, yaani kukataa. Sauti moja ya mwanamke iliendelea kuita baada ya nyingine kuondoka, kisha nayo ikaacha. Sikujua ni nani. Mpaka leo sijui.

Mama wa maji alikuja kuketi karibu nami chini ya ukuta, yule mtoto wa tatu amelala mapajani mwake. Mama yake wa kweli, aliniambia, walipotezana njiani.

"Ile karatasi yako," aliuliza, "chini, iko na nafasi?"

Niliiona mbele ya macho yangu ile sehemu nyeupe ya vidole vinne. Hata kwenye ile fakture niliyoiandika upya nilikuwa nimeiacha, kwa uzuri.

"Iko," nilisema.

Mwezi uliofuata niliandika fakture moja yenye mistari mpaka ukingoni. Kupasua kuni. Kufagia uwanja. Kumwaga taka. Kukata majani. Zilikuwa kazi za kweli, za malipo madogo sana, ambazo mama mudogo alizigawa kwa wanawake waliolala katika lile darasa la shule kutoka katika faida yake. Jumla niliibana kwenye kona kwa sababu haikuwa na mahali pengine. Kontable aliisoma akifuata kila kidole.

"Imekuwa mubaya sana hii," alisema.

"Ndiyo, papa."

Akatafuta mahali pa kugonga muhuri. Hapakuwa na nafasi. Akaigeuza, akagonga nyuma.