Kadi Iliyouliza Habari za Ng'ombe

Juzi nilinunua sukari, na mwenye duka, jirani yetu aliyetoka Kondoa, akanifungia katika karatasi ya buluu. Aliponiona naikunjua taratibu na kuilaza juu ya paja ili isipasuke, akacheka.

"Dada, sukari imo ndani, haimo kwenye karatasi."

Nikamwambia najua. Sikumwambia kwamba mikono yangu ilikuwa imekwisha kupima: nikikunja hapa na kukata pale, angetoka ng'ombe mmoja na ndama wake. Wewe nakueleza, kwa sababu wewe huna haraka.

Nilikuwa mtoto wakati wa Wadachi, yaani Wajerumani, reli ikiwa bado mpya na watu wa kijiji chetu cha Mkonze wakisimamisha palizi ili wasikilize treni inavyolia kwa mbali. Shule yetu ya misheni ilikuwa chumba kimoja cha udongo, na karatasi ilikuwa adimu kuliko nyama. Kwa hiyo karatasi za kutengenezea kadi za sikukuu tuliokota. Tulikuwa na karatasi za sukari, na zile ng'avu zilizotandikwa ndani ya makasha ya chai, na chapa za dhahabu zinazobanduliwa kwenye majora ya kitambaa cha amerikani. Gundi tuliichuma kwenye migunga, tukailoweka mpaka ikalainika. Rangi nyekundu tulipata kwa ngeu, udongo mwekundu ule ule ambao mama zetu walijipaka, na nyeusi kwa masizi ya chungu. Matundu tulitoboa kwa mwiba. Mkasi ulikuwa mmoja tu, wa mwalimu, na kila nilipopewa zamu ya kuushika nilifurahi na kuogopa pamoja.

Nikiri mapema: mimi ni mtu wa wasiwasi. Nilikuwa hivyo, na bado niko hivyo. Mstari ukipinda kwa unene wa unywele, chakula hakinipiti. Wenzangu walimaliza kadi wakaenda kucheza, mimi nikabaki nikibandua pembe ya ng'ombe wa karatasi na kuibandika tena, kwa sababu pembe za ng'ombe wetu hazikai hivyo. Bibi aliyenilea aliniambia nikiendelea hivi nitaolewa na mzee, kwani vijana watachoka kungoja nimalize kusonga ugali.

Basi mwaka mmoja, wakati wa mvua, mwalimu alitutangazia kwamba sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaizari, mfalme wa Wadachi, inakaribia. Kila mtoto atatengeneza kadi ya kumsalimu. Kadi zitatiwa katika kasha, zipelekwe bomani, na kutoka bomani zitakwenda Ulaya kwa meli. Iliyo nzuri kuliko zote itawekwa juu, ili ndiyo ionekane kwanza kasha likifunguliwa.

Siwezi kukueleza jinsi nilivyoitaka nafasi ile ya juu. Niliitaka kama mtu anavyotaka maji.

Nilitengeneza tembe. Kadi ilikuwa na paa bapa kama nyumba zetu, na mlango wa kukunjua. Ukifungua mlango, ng'ombe wa karatasi ya chai walisimama wenyewe ndani ya zizi la mabua ya uwele. Niliwapa miguu mara nyingi kabla hawajakubali kusimama. Chini ya ng'ombe niliandika, kwa herufi nilizozichora kwanza kwenye vumbi: "Mbukwenyi. Watu wa nyumbani hawajambo? Ng'ombe wameamkaje? Mvua imefika huko? Tunakuombea maisha marefu."

Mbukwenyi ndiyo salamu yetu Wagogo kwa watu wengi, au kwa mmoja unayemheshimu. Lakini neno hilo peke yake ni kizingiti tu. Ukishalisema unauliza watu, unauliza ng'ombe, unauliza mvua, na mwenzako anajibu kimoja kimoja, kisha naye anauliza. Ndipo mnaweza kusema jambo lililowaleta. Ningewezaje kumtakia mtu maisha marefu kabla sijamwuliza ng'ombe wake wameamkaje?

Mwalimu alikuwa mtu wa pwani, mpole, kanzu yake haikukosa kupigwa pasi hata siku za matope. Aliipokea kadi, akafungua mlango, akatabasamu kwa ng'ombe. Kisha akasoma, na tabasamu likaondoka.

"Binti, umemwuliza Kaizari kama ng'ombe wake wameamka salama?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Nani amekwambia ana ng'ombe?"

"Mtu mkubwa vile, mwalimu, atakosaje ng'ombe?"

Darasa zima likaangua kicheko. Msichana niliyekaa naye akaniinamia sikioni. "Mke wa Kaizari, mahari yako imeshafika kwenu, au bado inavuka bahari?" Jina hilo, Mke wa Kaizari, nimelibeba miaka mingi.

Mwalimu hakucheka. Alikuwa ametuambia tangu mwanzo kwamba kadi iwe na maneno ya kumwombea maisha marefu, na jina la mtoto, basi. Bwana wa boma akiona maneno ya kishenzi atauliza nani amefundisha, na mwalimu alijua maswali ya boma huishia wapi. Tulikijua kiboko sote. Sikumchukia wakati ule na simchukii leo. Alikuwa na woga wake kama mimi nilivyokuwa na wangu.

Akaniwekea mkasi mkononi. "Kata hapa chini. Mbukwenyi na maswali yake yote yaondoke, tuache maombi tu. Ukikata, kadi yako ndiyo ya juu, hakuna nyingine inayoifikia. Usipokata, chukua vitu vyako urudi kwenu, na shuleni usije tena. Siwezi kuadhibiwa kwa ajili ya ng'ombe wa karatasi."

Niliushika ule mkasi. Nilitazama mahali pa kukata, na mikono yangu ikajua kabisa jinsi ya kupanyoosha pasionekane kovu. Lakini nikawakumbuka askari waliofika kwetu wakati wa kiangazi. Waliingia zizini bila kusalimu, wakatoka na fahali wetu. Bibi alisimama mlangoni akawaangalia mpaka vumbi likatulia, kisha akasema neno moja tu: "Asiyeuliza habari za ng'ombe wako amekuja kuwachukua."

Mimi sikuwa nimeandika uasi. Nilikuwa nimeandika adabu. Ila mtu akikwambia ukate adabu yako ili upendeze, hapo adabu inakuwa uasi, hata kama wewe ni mtoto unayetetemeka.

"Siwezi, mwalimu," nikasema. "Nikikata itakuwa haijasalimu."

"Kata, mwanangu."

"Siwezi. Kwa heri, mwalimu."

Nikamrudishia mkasi, mpini ukiwa upande wake kama alivyotufundisha, nikatoka na kadi yangu kifuani. Nililia njia nzima. Sitakudanganya kwamba nilikuwa jasiri.

Bibi nilimkuta shambani akipalilia uwele, miguu imejaa tope. Nikamweleza yote. Akanitaka nimsomee kadi. Nikasoma, kamasi zikinitoka, na nilipofika kwenye maswali akaegemea jembe lake, akaanza kujibu, kimoja kimoja, kana kwamba ndiye aliyesalimiwa.

"Mbukwa. Watu wapo, mguu tu unaniuma. Ng'ombe wapo, wachache. Mvua imefika, tunashukuru." Kisha akanitazama. "Umeona ilivyo rahisi, mke mwenzangu? Sasa shika jembe, majani hayangoji."

Hivyo ndivyo masomo yangu ya darasani yalivyokwisha. Mengine nimejifundisha mwenyewe, kwa kusoma kila karatasi iliyofungia chumvi au tumbaku, hata iliyochanika katikati, nikibuni neno lililokosekana. Najua kusoma kwangu kuna mashimo. Yananisumbua kila siku, naogopa watu watayaona, na hata sasa nimeandika ukurasa huu mara nyingi kuliko inavyofaa. Lakini sijawahi kutamani kwamba ningekata.

Wadachi wamekwenda zao. Kasha la kadi sijui kama lilifika Ulaya au liliishia bomani kwa mchwa. Hakuna aliyeleta jibu. Shule imebomoka, mbuzi wanalala humo. Bibi tumemzika. Wanaojua kusalimiana mpaka mwisho wanapungua, na pale stesheni watu hurushiana neno moja kama wanarusha kokoto, kisha wanakimbilia behewa. Wananiambia nimebaki nyuma, salamu zangu ni za kikongwe, tena nikiwa bado kijana.

Sawa. Nikikutana nao nauliza watu wa nyumbani, nauliza ng'ombe, nauliza mvua. Wakinipita, nageuka nawafuata, na ninauliza tena kwa sauti kubwa zaidi, mpaka mmoja asimame anijibu.