Kura ya Macho Yaliyofumbwa

Nilialikwa kusimamia uchaguzi wa chama cha viziwi Makambako, nami nikajiandaa kama mtu anayekwenda kuikomboa nchi. Katiba yao niliisoma mpaka nikajiona naijua kuliko wao. Wanachama walilalamika kwamba mwenyekiti huwatazama wanaponyoosha mikono, kisha huwanunia wote wasiomchagua. Safari hii walimtaka Tumaini, fundi cherehani.

Dawa nilikuwa nayo. Kwetu Kichiwa, kwenye kikundi cha wakulima wa viazi, tunapiga kura tukiwa tumefumba macho, na hakuna anayemwona mwenzake.

"Wote wafumbe macho," nikamwambia Sekela, mkalimani wa lugha ya alama.

"Wote, Ndugu Msimamizi? Lakini..."

"Wote, dada. Haki haina upendeleo."

Akaniangalia kidogo, akawaashiria. Wakafumba. Nikatangaza kwa sauti nzito: "Wanaomtaka Tumaini!" Hakuna mkono. Nikawadharau kimoyomoyo: kulalamika wanajua, kuchagua wanaogopa. "Wanaomtaka mwenyekiti!" Mkono mmoja ukapanda, wa mwenyekiti mwenyewe, ambaye sikio lake moja bado linasikia kidogo.

Nikamtangaza mshindi kwa kura moja kwa sifuri, nikaamuru wafumbue macho. Akafumbua yeye peke yake. Nikarudia kwa ukali zaidi.

Hatimaye Tumaini akafumbua jicho moja, akachungulia, akaashiria. Sekela akanitafsiria bila huruma:

"Anauliza, sala ikiisha ndipo tutapiga kura?"