Chai ya Mama Nusukaputi

Mtaani walimwita Mama Nusukaputi, tena si kwa mapenzi. Hospitali nzima, nesi wa usingizi alikuwa yeye peke yake. Mgonjwa akipona, asante zote zinakwenda kwa daktari mpasuaji. Yule aliyekaa kichwani pa mgonjwa saa mbili nzima akimlindia pumzi, nani anamjua? Wanachojua ni kwamba ana dawa za kulaza watu, basi. Mama mkwe wake mwenyewe, miaka tisa sasa, hajawahi kunywa chai ya mkono wake. Anaipokea, anashukuru, na ukimpa kisogo tu, chai inaishia kwenye chungu cha maua.

Naye Mama Nusukaputi hakuwa mwepesi wa kuamini. Kazi ndiyo iliyomfundisha. Mtungi wa oksijeni aliushuku mpaka aufungue mwenyewe, jina la dawa kwenye kichupa alilisoma mara tatu, na mgonjwa akimwambia "sijala", alimwangalia midomo kwanza.

Asubuhi hiyo, aliyelala kwenye kitanda cha magurudumu alikuwa mama mkwe huyohuyo, atolewe mawe kwenye nyongo. Kando yake alisimama wifi, kakumbatia mkoba utadhani mtoto mchanga.

"Mama, umekula?"

"Tangu jana jioni sijatia kitu mdomoni."

"Hata chai?"

"We mwanangu, si nimekwambia sijala!"

Lakini alijibu haraka mno. Na wifi, kwa nini kausogeza mkoba nyuma? Mama Nusukaputi aliinama kama anayeweka shuka sawa, akanusa. Kitunguu. Au pua yake tu?

"Sista, tunaanza?" daktari aliuliza kutoka mlangoni.

"Hatuanzi. Amekula."

"Umemwona?"

"Sijamwona, lakini simlazi. Akilala na chakula tumboni, kitapanda kooni kiingie kwenye mapafu. Nitakuwa nimemuua kwa mkono wangu."

Wee! Wifi alilipuka. "Unamwita mama yangu mwongo? Sema tu hutaki apone!" Akampigia kaka yake simu, na mume huyo wa Mama Nusukaputi akaja juu hukohuko kwenye simu: "Umemwaibisha mama mbele za watu!"

Mama Nusukaputi alijifungia kwenye chumba cha dawa. Je, kama amekosea? Hiyo ndoa itabaki ndoa kweli? Alitaka kulia, akajikaza.

Hata saa haijaisha, wodini pakawa na vurugu. Mama mkwe kashika tumbo, anatapika: mayai, viazi, na vitunguu vyake. Wifi alibaki ameduwaa na mkoba wake. Sasa kila mtu alijua ulibeba nini.

Mama Nusukaputi alimshika paji la uso mpaka akamaliza.

"Kwa nini, mama?"

Mama mkwe alijifuta mdomo, hakumtazama. "Nilitaka niwe na nguvu za kushindana na dawa yako. Nilijua ukinilaza, huniamshi."

Maneno hayo yalimchoma. Miaka tisa yote!

"Mama, ukishalala, pumzi zako ziko mikononi mwangu. Sikuachi hata kwenda chooni."

"Hata chooni?"

"Hata chooni."

Siku tatu baadaye alirudishwa chumba cha upasuaji. Safari hii Mama Nusukaputi alipekua mpaka chini ya mto.

"Umekula?"

"Sijala. Wewe je?"

"Mimi nimekula, mama."

"Afadhali. Usije ukazirai ukaniacha peke yangu."

Akamlaza. Akakaa kichwani pake, vidole chini ya taya, macho kwenye kifua kinachopanda na kushuka, mpaka mshono wa mwisho.

Mama mkwe alipofumbua macho, aliangaza huku na huku kwa mashaka, akamwona.

"Nipo?"

"Upo, mama."

"Nina kiu. Nipe chai. Upike wewe, si mwingine."

"Bado," akajibu Mama Nusukaputi, machozi yakilowesha barakoa. "Mpaka nikuruhusu."

"Haya," akasema mama mkwe, akafumba macho mwenyewe.