Jicho Lililokataa Kufumba

Asubuhi ile maji ya kusukutua yalinitoka pembeni mwa mdomo, nikadhani ni uzee tu. Niliponawa uso, sabuni ikaingia jicho la kulia. Nikalifumba, halikufumba. Kioo kikanionyesha shavu limelegea na jicho limekodoka.

Daktari wa hospitali ya pale Kharumwa alinieleza taratibu.

"Kope zina misuli miwili, mama. Mmoja umelizunguka jicho lote, huo ndio unaofumba. Mwingine uko juu, unainua kope. Mshipa wa fahamu unaouamuru ule wa kufumba umevimba. Wa kuinua una mshipa wake mwingine, na ni mzima."

Alinipa vidonge, dawa ya kupaka na plasta ya kubandika kope nikilala. Alisema wengi hupona baada ya wiki kadhaa. Sikuogopa upofu. Niliogopa wekundu.

Jicho lisilopepesa hukauka, na likikauka huwa jekundu. Na kwetu mjane wa umri wangu mwenye jicho jekundu haulizwi amepuliza moto wa mavi ya ng'ombe kwa miaka mingapi. Anaitwa mchawi, basi. Siku ya tatu langu lilikuwa jekundu kama nyanya. Nikajifungia ndani, ujinga mtupu, maana mlango uliofungwa mchana ndio uliowapa watu maneno. Wiki hiyohiyo mtoto wa jirani akashikwa na degedege.

Kwenda kumjulia hali? Wangesema nimekwenda kuangalia kazi yangu. Sikwenda. Nilikaa na kioo, nikisukuma kope kwa kidole kama nilivyofundishwa, masikio yote uani. Niliogopa mapanga, niseme wazi. Mguu wa mtu ukipita nje, nashikilia komeo la mlango.

Wiki ya nne kope ziligusana. Nililia. Mtoto naye alishatibiwa malaria hospitali, anakimbia. Nikaona sasa yameisha, nikaenda kwa jirani kutoa pole iliyochelewa, na ili alione jicho langu. Nikapepesa makusudi, mara mbili tatu.

Alinitazama, akamvuta mtoto nyuma yake. Kisha akakamata kuku, akamfunga miguu kwa kitambaa, akapiga magoti mbele yangu.

"Asante, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Asante kwa kumwachia mwanangu."

Nilimpokea yule kuku. Ningemkataa, angedhani bado namtaka mtoto.